Oili ya Bi Mdogo

Jumapili, 2 Machi

Nimefunga mlango. Nisipoandika nitavunja kitu, na vitu vya kuvunja humu chumbani ni vyangu vyote.

Kaka anauza gari. Hakuuliza – alitangaza! Mezani, chai ya asubuhi, mkate mdomoni. Mnunuzi anakuja Jumamosi ya tarehe kumi na tano, mambo yamekwisha. Nikamuuliza, umeamua na nani? Akasema, "Na akili yangu, Profesa."

Profesa. Tangu nimalize chuo hilo ndilo jina langu kila anapotaka ninyamaze. Mama alikuwa anakoroga chai ambayo haikuwa na sukari. Akakoroga, akakoroga.

Gari ni la Baba. Dogo, kuukuu, mlango mmoja wa nyuma haufunguki ila kwa ndani. Baba aliliita Bi Mdogo, na Mama kwa miaka kumi na minane akaliita mke mwenza. "Umeshamwogesha mke mwenzangu? Na mimi zamu yangu lini?" Ndio ulikuwa utani wao. Septemba kiharusi kikampiga Baba. Upande wa kulia ukalala, maneno yakaondoka. Limebaki moja tu: ukuta. Akitaka maji – ukuta. Akikasirika – ukuta. Asubuhi gari likiwashwa ndiyo analisema mpaka mishipa ya shingo inamsimama. Ukuta! Ukuta! Kaka ameita mtu aje akipake rangi chumba cha Baba, eti labda kuta zinamkera kwa uchafu.

Hoja ya Kaka: gari linatoa moshi wa buluu, linakula oili, injini imekwisha. Hoja yangu: Jumanne na Alhamisi Baba anakwenda hospitali kufanya mazoezi, na wiki iliyopita alitembea hatua nne. Nne! Na ndani ya Bi Mdogo anapanda mwenyewe. Kiti kiko chini, kishikio cha juu ya mlango anakijua, mkono wa kushoto unakwenda wenyewe. Teksi tumejaribu mara mbili. Dereva alimbeba kama gunia. Baba alilia mara ya kwanza. Mara ya pili alishika chuma cha kitanda na hakuachia. Gari likiondoka, mazoezi yameondoka. Hilo halihitaji chuo kikuu kulielewa.

Nilimwambia hivyo. Akasema atazoea. Atazoea!

Jumatano, 5 Machi

Nimeamka mapema kabla Kaka hajatoka chumbani kwake. Nikafungua boneti, nikachomoa stiki ya oili, nikaifuta, nikairudisha, nikaichomoa tena. Ina alama mbili, ya juu na ya chini, na oili inatakiwa ikae katikati. Leo haikufika hata ile ya chini. Tena! Wiki iliyopita niliongeza, na wiki ya kabla yake. Nimeongeza tena kwa kopo la stoo la Baba. Kimya kimya, kama mwizi, kwenye gari la baba yangu mwenyewe.

Kaka naye huliangalia kila Jumapili, kwa vishindo, boneti inapigwa mpaka majirani wajue. Simwamini. Mtu anayetaka kuuza kitu hakitunzi.

Ninachokijua kuhusu gari nilijifunzia dirishani jikoni. Baba akibadilisha oili alimwita Kaka ashike tochi. Kila mara Kaka. Kaka alipiga miayo, tochi ikamulika miguu yake, na mimi ndani nikiosha vikombe nilijua ni spana namba ngapi inafuata. Sikuwahi kuitwa hata siku moja. Nina miaka ishirini na sita na bado inaniuma, ni aibu kuiandika.

Ofisini nimechora kwenye ramani mistari ya mwinuko ya kilima kizima. Mpimaji mkuu amesema mkono wangu hautetemeki. Angejua.

Alhamisi, 6 Machi

Siku mbaya. Tulipokuwa tunapanda kuelekea hospitali, moshi uliingia mpaka ndani ya gari. Baba akakohoa, akakohoa, macho yakamtoka. Nikasimama pembeni. Watu wa basi lililokuwa linapita walitufungulia madirisha ili watuangalie vizuri. Mmoja akapiga kelele kwamba tunachoma nyama. Natamani nijue anakoishi.

Baba alipiga dashibodi kwa mkono wa kushoto. Ukuta! Nikamwambia, Baba, hakuna ukuta hapa, tulia. Nilimwambia kwa ukali. Akageukia dirisha njia nzima.

Hatua mbili tu leo.

Nilipofika nyumbani Kaka alikuwa anasubiri getini, ameshasikia – kwa nani? Akamtoa Baba ndani ya gari, akamshika vizuri, lazima niseme ukweli, anamshika vyema kuliko mimi ninavyomshika. Kisha akanigeukia. Sauti ya chini. "Siku litakapowaka moto yeye akiwa ndani, utamweleza Mama nini?"

Swali zuri. Hicho ndicho kinachonikera zaidi.

Jumamosi, 8 Machi

Fundi amekuja. Yule yule aliyebadilisha oili mwezi wa Novemba, hapa hapa uani, akamimina mpaka stiki ikasema imetosha, akapewa chai. Ana simu mbili na meno yote.

Hajanisalimu. Amemsalimu Kaka: "Bosi." Akawasha injini, akakanyaga mafuta, moshi ukajaa uani, Mama akakimbilia nguo zake kwenye kamba huku akisema, huyu mke mwenza sasa anavuta sigara.

Fundi akatikisa kichwa kama daktari. Ringi za pistoni zimekwisha. Injini ishushwe, ifunguliwe, na vipuri vya gari hili havipatikani siku hizi, Bosi, hili mlione kama marehemu. Nikauliza: umejuaje ni ringi bila kupima chochote? Akamwambia Kaka – Kaka, si mimi! – "Dada yako mkali, eh? Mwambie gari si hesabu za darasani."

Nikamwambia mimi nimesimama hapa, niambie mwenyewe.

Akacheka. "Haya, dada yangu. Unajua gari hili limekula oili kiasi gani tangu Novemba?"

Sikujua. Ninajua kiasi nilichotia mimi tu.

Kisha likatoka la kutoka: mnunuzi ni shemeji yake. Shemeji! Anataka milango, vioo, magurudumu. Atalikata vipande. Bi Mdogo anauzwa kama mbuzi wa buchani na Kaka anapeana mikono na muuza nyama. Maneno matamu yote yale, Bosi, Bosi, ni kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na Kaka ameupokea mgongo wa chupa, akashukuru.

Nilirudi ndani nikamkuta Baba amekaa kitandani, uso kwenye dirisha. Ameona yote. Hakusema hata ukuta.

Jumatatu, 10 Machi

Yule mtu wa rangi amekuja. Chumba cha Baba sasa ni cheupe kama hospitali. Baba anakitazama kana kwamba amefungwa.

Kaka amemuuliza, "Umefurahi, Baba?"

Ukuta, amesema Baba. Taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto mzito.

Nimecheka. Kisha nimekasirika kwamba nimecheka.

Jumanne, 11 Machi

Niandike kwa mpangilio.

Tulikuwa tunarudi kutoka mazoezini. Hatua tatu. Moshi tena, ila kidogo kwa kuwa ni mteremko. Badala ya njia kuu nikapita barabara ya nyuma, ile ya shule ya msingi, nisionwe na watu wa basi. Shule ina ukuta mrefu wa matofali, na mbele yake barabara imenyooka kabisa. Tukaufikia. Baba akapiga dashibodi. Ukuta! Mara hii hakukunja uso. Alikuwa anaonyesha! Kidole cha mkono wa kushoto, nje, pale. Ukuta. Ukuta. Ukuta.

Nikafunga breki hata bila kutazama kioo.

Mlinzi wa shule akatoka kwenye kibanda chake, mzee mwembamba, koti kubwa kuliko yeye. Akamwona Baba, akatupa mikono juu. "Mzee mwenzangu! Umepotea miezi yote hii, nilidhani umepata ukuta mwingine!" Akaja dirishani, akaona mkono wa kulia ulivyolala. Kisha akaushika ule mkono, huo huo mbovu, akausalimia kama mkono mzima.

Nikamwamkia. Akaitikia, akauliza, "Leo hampimi?"

Nikauliza, kupima nini?

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake. Oili, mwanangu. Kila Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi Baba yako analeta gari hapa. Analisimamisha sambamba na ukuta. Anazima. Anafungua boneti. Halafu hafanyi kitu dakika kumi, anakaa tu, oili ishuke yote. Tunazungumza. Dakika kumi zikitimia anachomoa stiki, anaangalia, anafunga, anakwenda. Mlinzi alishawahi kumuuliza, kwani kwako hakuna mahali pa kupimia? Baba akamjibu kwamba kwake gari linalala kichwa juu.

Gari linalala kichwa juu.

Miaka yote tulijua Jumamosi anakwenda kupiga soga. Mama alimtania. Mimi nilikuwa nimelala!

Nikauliza kama ninaweza kupima sasa hivi. Nikazima, nikasubiri. Baba alinyoosha mkono wa kushoto nje ya dirisha na mlinzi akamwekea kitu kiganjani, punje za mahindi, sijui, wakatafuna. Dakika kumi. Nikachomoa, nikafuta, nikarudisha, nikachomoa.

Oili ilipita alama ya juu. Ilipita, ikapanda upana wa vidole vitatu juu yake!

Nikafuta, nikarudia. Vidole vitatu.

Baba alikuwa ananiangalia. Nikashindwa kumtazama.

Jumatano, 12 Machi

Nimeazima pima maji ya ofisini, ile ya kuonyesha usawa, na kamba. Jioni kabla jua halijazama nimepima uani kwetu, nikiwa nimepiga magoti kwenye vumbi, Mama akiniuliza kama nimepoteza hereni.

Gari huingia uani kwa mbele, pua ikielekea mlango wa jikoni, na uani kwetu panapanda. Kati ya gurudumu la nyuma na la mbele, kwenda juu: sentimita ishirini na mbili. Ishirini na mbili! Kwa hiyo oili yote inakimbilia nyuma ya injini, na stiki iliyo mbele inaonyesha pakavu. Kila mtu anayepima hapa atasema haitoshi. Kila mtu atamimina. Injini ikizidiwa oili inaichapa kama yai, inaitema kwenye moshi. Hiyo ndiyo buluu. Hizo ndizo ringi za Fundi!

Na mimi. Mimi ninayelipwa kuchora miinuko. Ninayeweza kutazama karatasi nikakwambia maji yatakwenda wapi. Nimetembea juu ya mwinuko huu tangu nizaliwe, nimeteleza hapa mvua zikinyesha, nimefukuza ndoo iliyobingirika kutoka mlango wa jikoni mpaka getini – na kila Jumatano nikasimama mbele ya boneti na kopo, najiona mwana mwema, nikimlisha Bi Mdogo sumu.

Nilikuwa na hasira na Kaka. Nilikuwa na hasira na Fundi. Zote bado ninazo. Lakini hii ya leo haina pa kwenda, inazunguka ndani tu.

Ukuta, alisema. Miezi sita. Alikuwa na neno moja tu duniani, akalitumia kutuambia, na sisi tukampakia rangi.

Alhamisi, 13 Machi

Nimemweleza Mama wakati anakunja nguo. Nikamchorea kwenye bahasha: gari, uani, oili. Mama akaangalia mchoro muda mrefu. Kisha akakaa kitandani.

"Hata mimi," akasema.

Hata wewe nini, Mama?

"Hata mimi nilimtilia. Kidogo kidogo. Kama dawa." Tangu Baba augue amekuwa akitoka Ijumaa tukiwa kazini, anachomoa ile stiki kama alivyoona Baba akifanya, anaona pakavu, anamimina kikombe kimoja. Kikombe cha plastiki, cha kupimia mchele! Alidhani sisi watoto tumelisahau gari. Alimwonea huruma mke mwenza. Alisema hivyo, kisha akavuta nguo nyingine aikunje.

Kwa hiyo watatu. Kaka Jumapili (ndiyo maana anasema linakula oili), mimi Jumatano, Mama Ijumaa. Zamu kamili, kama wauguzi, na hakuna aliyemwambia mwenzake! Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake anayejali. Nyumba gani hii? Tunakula meza moja!

Nilitaka kumfokea. Nikaishia kukunja nguo pamoja naye. Mikono inauma kwa nilivyozikunja.

Leo Baba hakwenda mazoezini. Kaka amechukua ufunguo. Amesema hatalihatarisha tena. Ndiyo maana Alhamisi iko hivi: kitanda, kuta nyeupe, Baba.

Kaka aliporudi nikamwonyesha bahasha. Nilianza kwa utulivu, naapa. Akaiangalia mara moja tu.

"Kwa hiyo sasa mimi ndiye nimeua gari?"

Sikusema hivyo. Nimesema wote.

"Umesema mwinuko. Umesema stiki. Umesema Fundi hajui, mimi sijui, Mama hajui, ila wewe na bahasha yako." Akasema neno limeshatoka, mtu anakuja Jumamosi, hatajidhalilisha mbele za watu kwa sababu ya mchoro. Nikamwambia wewe hukumwambia Baba neno lolote, lakini neno lako kwa muuza vipande ndilo takatifu. Akaniambia nimeze maneno yangu. Nikamwambia meza oili.

Mama akapiga meza kwa kiganja. Tukaketi kama watoto.

Baadaye, nikiwa mlangoni kwangu, Kaka akapita. Hakusimama. Akasema kwa mgongo, "Ni mimi ninayembeba akianguka, Profesa. Usiku na mchana. Wewe unachora." Na ni kweli, na ninamchukia kwa kusema ukweli saa ile.

Ufunguo ameutundika palepale pa siku zote, kwenye msumari wa jikoni. Sijui kama amesahau.

Ijumaa, 14 Machi

Niliomba ruhusa ya nusu siku. Niliuchukua ufunguo saa saba mchana. Basi.

Nilinunua oili mpya, ile inayotajwa kwenye kitabu cha gari – Baba anakiweka ndani ya mfuko wa nailoni, kurasa zimekunjwa pembe. Na filta. Muuzaji akauliza ni nani atakayenifungia. Nikamwambia mtu mmoja mkali sana.

Nikalipeleka gari ukutani. Mlinzi akatoka, akaniona na karai, jeki na magogo mawili, akasema tu, "Aha." Nikaacha injini ipate moto kidogo ili oili iwe nyepesi, nikazima. Nikaweka mawe nyuma ya magurudumu. Nikainua kwa jeki, nikaegemeza juu ya magogo, nikalitikisa kwanza kwa nguvu zangu zote kuona kama litaanguka. Halikuanguka. Nikaingia chini.

Ile nati ya kumwagia oili – Fundi aliikaza kwa chuki! Spana ikateleza, nikachubuka vifundo viwili vya vidole. Nilitukana. Nilitukana kwa sauti ukutani mwa shule ya msingi, na watoto wa darasa la karibu wakacheka. Mlinzi akainama, akanitazama. Hakunipokonya spana. Aliuliza, "Nishike wapi?"

Kati ya wanaume wote niliowahi kuwa nao karibu na chombo chochote, huyu ndiye wa kwanza kuuliza hivyo.

Tukachomeka bomba kwenye mpini wa spana ili urefuke. Nikasema vuta. Ikalia. Ikaachia.

Oili ilitoka nyeusi na yenye povu, nene, ikawa inatoka, inatoka. Karai likakaribia kujaa nikabaki nimeikodolea macho. Kitabu kinasema lita tatu na nusu, pamoja na filta. Nilikuwa na chupa za maji za lita moja. Nikazijaza kwa faneli, moja baada ya nyingine, nikazipanga chini ya ukuta. Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Ya nne ikajaa. Ya tano ikajaa! Ya sita robo.

Lita tano na robo kwenye tumbo la lita tatu na nusu. Nilizitazama zile chupa sita mpaka mlinzi akaniuliza kama ninazihesabu au ninaziombea.

Filta ya zamani niliizungusha kwa mkanda wa suruali ya Kaka. Ndiyo, wa Kaka. Mpya nikaipaka oili safi kwenye mpira wake kwa kidole, kama nilivyoona dirishani, nikaifunga kwa mkono tu. Nati nikairudisha, nikaikaza, si kwa chuki. Nikashusha gari. Nikamimina tatu, kisha nusu, kidogo kidogo. Nikawasha, nikazima. Dakika kumi. Mlinzi alizungumza juu ya goti lake. Nikachomoa stiki.

Katikati. Katikati kabisa ya alama mbili.

Nikapiga yowe. Kisha nikawasha tena, na moshi ukatoka. Buluu. Ule ule!

Nikakaa chini barabarani. Nilikuwa na oili mpaka kwenye nywele. Mlinzi akasema labda ni iliyobaki kwenye bomba la moshi, inaungua kwanza, mpe muda. Labda. Au tumeshaiua kweli, sisi watatu, kwa vikombe vyetu. Sijui. Sijui! Nimezoea kazi ambayo ukipima unajua.

Nimerudisha gari uani kabla Kaka hajarudi. Chupa sita nimezipanga mezani, mahali pake pa kulia chakula. Alipoingia akaziona. Akazisogeza kando moja moja, akala. Alipomaliza akaulizia mkanda wake.

Jumamosi, 15 Machi

Saa moja kasoro dakika kumi na mbili. Naandikia kwenye usukani. Tuko ukutani.

Saa kumi na mbili nilimkuta Baba ameshaamka, amekaa. Nikamwambia, ukuta. Mimi nikamwambia yeye! Akaanza kutafuta viatu kwa mguu wa kushoto. Mama akatufungulia geti, akanishika mkono, akanisukuma. "Nendeni upesi." Baba ana shati jeupe la kwendea hospitali, Mama amemvisha, vifungo vyote.

Moshi tulipotoka: upo. Kwenye mteremko: kidogo. Barabara hii: nimetazama kioo mara mia, sijui kama upo au ninautaka usiwepo.

Nimezima saa moja kasoro robo. Boneti iko wazi. Nimechomoa stiki, nimempa Baba aifute. Ana mkono mmoja, kaibana kwa magoti, anaifuta kwa pindo la shati jeupe. Mama atatuua. Mlinzi yuko kwenye kibanda, ametuinulia kikombe, kisha ameingia ndani. Amejua tunataka kuwa peke yetu.

Dakika nne zimepita.

Wanakuja. Nawaona kwenye kioo, labda wamefuata moshi wetu. Kaka, Fundi, na mtu mnene, shemeji mnunuzi bila shaka, aliyebeba mkoba wa spana – amekuja na spana zake kabisa! Kaka yuko mbele, anatembea haraka, suruali anaishikilia kwa mkono. Mkanda bado uko kwenye buti ya gari.

Sifungui mlango.

Kaka yuko dirishani kwangu. Anasema nitoke. Nasema bado dakika tano. Za nini? Za oili kushuka. Fundi anacheka, anasema Bosi, dada yako anaandika barua. Yule mnene anapiga teke la kirafiki gurudumu la nyuma. Nimemwambia akilipiga tena nitampigia mguu wake. Nimeandika neno kwa neno.

Kaka amezunguka upande wa Baba. Amefungua mlango, anataka kumtoa. Baba hakushika kishikio. Amemnyooshea stiki.

Amempa yeye. Yeye! Si mimi niliyelala chini, si mimi mwenye vifundo vilivyochubuka. Mwanawe wa tochi. Nina hasira kiasi kwamba kalamu imetoboa karatasi.

Kaka ameishika. Hajui aishikeje. Ameliangalia shati la Baba, lile doa jeusi. Ameuangalia ukuta – ameutazama kutoka mwanzo mpaka mwisho, matofali yote.

Ukuta, amesema Baba. Kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja saa.

Fundi anasema, Bosi, twende, jua linatoka. Kaka amempa mgongo. Amekwenda mbele ya gari, amesimama kwenye boneti, stiki mkononi, nusu yake siioni. Mkono mwingine bado umeshikilia suruali.

Amechungulia pembeni ya boneti. Ananiuliza zimebaki ngapi.

Mbili.